Kati ya Nakshi na Sauti: Historia ya Mandolini ya Bei ya Kati

Mandolini ni ala ndogo ya nyuzi nane zilizopangwa jozi nne. Nyuzi mbili za kila jozi hutoa noti moja, na noti hizo, kuanzia jozi nzito hadi nyembamba, ni Sol, Re, La na Mi, sawasawa na za fidla. Hupigwa kwa risha. Sehemu ya uzi inayolia haizidi sana sentimita 35, lakini nyuzi zote nane zikishakazwa huivuta ala kwa nguvu ya kilo 70 hivi, uzito wa mtu mzima. Ubao wa juu unaobeba mvuto huo una unene wa milimita chache tu. Ukiwa mnene, sauti hufia ndani. Ukiwa mwembamba kupita kiasi, hubonyea na ala huharibika. Kuupata unene wa kadiri, mahali pa katikati na pembezoni, kunataka muda wa fundi, na katika kazi hii muda wa fundi ni ghali kuliko mbao, gundi na nyuzi.

Mandolini ya bei ya chini haipewi muda huo, na ya bei ya juu hainyimwi. Ya bei ya kati ndiyo yenye hesabu ngumu, kwa sababu mtengenezaji ana fedha za kufanya mambo machache vizuri, si yote. Akizitumia kwenye njumu na nakshi, jicho la mnunuzi hufurahi dukani. Akizitumia kwenye uchongaji wa ndani, kazi yake haionekani mpaka ala ipigwe. Uamuzi huo umefanywa kwa namna tofauti katika Napoli, Chicago, Kalamazoo, Japani na Beijing, na kila mahali umeacha alama ambazo wanunuzi wa leo bado hukutana nazo.

Kutoka udi hadi Napoli

Mandolini ni mjukuu wa udi. Udi uliingia Ulaya kupitia Hispania na Sisilia zilipokuwa chini ya utawala wa Waislamu, na jina lake la Kiarabu, al-ud, likageuka laúd kwa Kihispania na liuto kwa Kiitaliano. Anayeujua udi wa taarab atalitambua mara moja tumbo la mandolini ya Kiitaliano: mviringo wa nyuma uliojengwa kwa vibao vyembamba vilivyopindwa kwa joto na kuunganishwa ubavu kwa ubavu, kama tango lililokatwa kwa urefu.

Katika karne ya 17 na ya 18 mafundi wa kaskazini mwa Italia walitengeneza mandolino ndogo ya nyuzi za utumbo. Antonio Stradivari, ambaye jina lake limebaki kwenye fidla, naye alizitengeneza. Moja yake ya mwaka 1680 imehifadhiwa katika makumbusho ya muziki ya Vermillion, South Dakota. Hizi zilikuwa ala za majumba ya wenye nacho. Ziliagizwa moja moja, na bei ya kati haikuwepo kwa kuwa tabaka la kuinunua halikuwepo.

Mageuzi yalitokea Napoli katikati ya karne ya 18, na familia iliyotajwa zaidi ni ya Vinaccia. Mandolini ya Napoli ilitumia nyuzi za madini badala ya utumbo, ikafuata noti za fidla, na ubao wake wa juu ukavunjwa mkunjo kidogo nyuma ya daraja ili uhimili mvuto. Nyuzi hazikugandishwa kwenye daraja kama katika udi. Zilipita juu yake na kufungwa mwisho wa tumbo. Daraja lenyewe lilisimama kwa kubanwa na nyuzi tu, likaweza kusogezwa. Mwaka 1768 Gabriele Leone alichapisha Paris kitabu cha kuifundisha ala hii, na mwaka 1787 Mozart akaitumia katika opera yake Don Giovanni. Kuanzia miaka ya 1830 Pasquale Vinaccia aliiimarisha zaidi kwa nyuzi za feleji, tumbo lenye kina na mashine za kukazia nyuzi badala ya vigingi vya mbao. Mandolini ya leo, iwe ya aina gani, imesimama juu ya kazi hiyo.

Soko la watu wa kawaida lilifunguka mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1878 kundi la wanamuziki wa Hispania, Estudiantina Española, lilipiga Paris na kuzua shauku kubwa ya ala za nyuzi za jozi. Nchini Italia Malkia Margherita mwenyewe alipiga mandolini, na vijana wa mijini wakaanza kuunda vikundi. Napoli ilibaki na warsha za heshima, kama ile ya Raffaele Calace, huku mji wa Catania, Sisilia, ukizalisha ala za bei nafuu kwa wingi na kuzisafirisha nje. Kati ya pande hizo mbili alisimama Luigi Embergher, aliyefanya kazi Roma na Arpino. Embergher alizipanga mandolini zake kwa ngazi ya namba, kuanzia za wanafunzi hadi za majukwaani. Mnunuzi aliyelipa kidogo alikosa mapambo na mbao teule, lakini alipata ala iliyotoka kwenye warsha ileile iliyowahudumia mabingwa. Ngazi ya namna hiyo ndiyo mwanzo wa mandolini ya bei ya kati kwa maana yake ya leo.

Chicago na hesabu ya mbavu

Mwaka 1880 kundi jingine la Wahispania lilifika New York. Lilipiga bandurria, ala ya kwao yenye nyuzi za jozi, lakini wasikilizaji wengi wa Marekani hawakuijua tofauti. Wahamiaji wa Kiitaliano waliokuwa wakiishi humo, akiwemo Carlo Curti, waliiona nafasi. Waliunda vikundi vyao, wakajiita Wahispania na kupiga mandolini. Ndani ya miaka michache kila mji wenye chuo au kanisa ulikuwa na kikundi, na viwanda vikaamka.

Kiwanda kilichotawala kilikuwa Lyon & Healy cha Chicago, kilichouza chini ya jina Washburn. Kampuni za kuuza kwa katalogi kama Sears, Roebuck zilifikisha mandolini hadi mashambani, kwa watu ambao hawakuwa na duka wala fundi karibu. Hapo likazuka swali ambalo mnunuzi wa katalogi hawezi kulikwepa: ala ambayo hajaishika wala kuisikia ataipimaje?

Jibu la viwanda lilikuwa idadi ya mbavu. Mgongo wa ala ya bei ndogo ulijengwa kwa vibao vichache vipana. Wa ala ya bei kubwa kwa vibao vingi vyembamba, na katalogi ikataja hesabu yake. Kipimo hicho hakikuwa uongo mtupu. Mbavu nyingi zilimaanisha viungo vingi, na viungo vingi vilimaanisha kazi nyingi ya mkono. Lakini katika mandolini sauti hutoka hasa kwenye ubao wa juu, na mbavu kumi zilizoongezwa mgongoni haziufanyi ubao huo kuwa bora. Mnunuzi alilipia kitu kinachohesabika kwa sababu kile kilichostahili kulipiwa hakikuhesabika.

Mafundi walizidisha uzuri kwa kupishanisha mbao nyeusi na nyeupe, mgongo ukawa na mistari. Wakulima wa majimbo ya kusini waliifananisha na mdudu mwenye mistari anayekula majani ya viazi, na hadi leo mandolini ya mgongo wa mviringo huitwa kwao mdudu wa viazi.

Maelfu ya ala hizo bado zipo kwenye masanduku na madari, na hali yake inaonyesha fedha zilikotumika. Gamba la kobe na lulumizi kuzunguka tundu la sauti bado vinang'aa, ilhali shingo imepinda mbele kwa sababu haikuwa na kitu cha kuiimarisha, na ubao wa juu umepasuka au kubonyea kwenye mkunjo wake. Mara nyingi kosa ni la mmiliki pia. Ala hizo zilijengwa kwa nyuzi nyembamba, na zikivishwa nyuzi nzito za kisasa huvunjika taratibu.

Kalamazoo na ngazi ya Gibson

Orville Gibson, fundi wa Kalamazoo katika jimbo la Michigan, aliitazama mandolini kama fidla. Mwaka 1898 alipata hataza ya ala isiyo na mbavu wala vibao vya kupinda: ubao wa juu na wa nyuma ulichongwa kutoka kwenye gogo hadi ukapata mwinamo, na pande zake zikakatwa kutoka kwenye kipande kimoja. Mwaka 1902 wafanyabiashara wa mji huo walianzisha kampuni iliyobeba jina lake. Baadhi ya mawazo yake yaliachwa upesi, lakini ubao wa kuchonga ulibaki.

Kampuni ya Gibson iliuza kupitia walimu wa muziki waliokuwa pia mawakala, na wanafunzi waliruhusiwa kulipa kwa awamu. Katalogi zake ziliikejeli mandolini ya mgongo wa mviringo bila huruma. Ngazi yake ya bei ilikuwa na maumbo mawili. Umbo la A lilikuwa sahili kama tone la maji. Umbo la F lilikuwa na msokoto karibu na shingo na pembe mbili kwa chini, kazi iliyomla fundi saa nyingi bila kuongeza chochote kinachosikika.

Ndani ya umbo la A kulikuwa na daraja kadhaa, kutoka A ya kawaida hadi A-4, na hapa ngazi ya Gibson inatofautiana na ya Chicago. Ubao wa juu wa A ya kawaida ulichongwa kwa muundo uleule wa A-4. Aliyelipa zaidi alipata mbao zenye mchoro mzuri zaidi, ukingo wa mapambo pande zote, lulumizi kichwani, mashine bora za kukazia na rangi ya kupendeza. Migongo ya A za chini mara nyingi ilikuwa ya mti wa birchi badala ya mepo. Kiini cha ala hakikupunguzwa. Matokeo yake ni kwamba A ya kawaida ya miaka ya 1910, iliyokuwa karibu na chini ya orodha ya bei, leo ni miongoni mwa ala za kale zinazompa mpigaji faida kubwa kwa fedha yake.

Haikukosa kasoro. Shingo za miaka ya kwanza zilikuwa nene na hazikuwa na fimbo ya chuma ndani. Fimbo hiyo, inayowezesha shingo kunyooshwa kwa kukaza nati, ilibuniwa kiwandani humo na Ted McHugh na kuingia kwenye ala mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kwa hiyo mandolini ya Gibson ya mwaka 1924 na ile ya mwaka 1914, hata zikifanana kwa nje, hazina thamani moja kwa mpigaji.

F-5 na kivuli chake

Lloyd Loar, mwanamuziki na mtaalamu wa sauti, alifanya kazi Gibson kutoka 1919 hadi mwisho wa 1924. Mwaka 1922 kampuni ilitoa F-5. Tundu moja lenye umbo la yai lilibadilishwa kwa matundu mawili ya umbo la herufi f, kama ya fidla. Shingo iliungana na tumbo kwenye freti ya 15 badala ya 12, na daraja likasogea hadi kati ya matundu, mahali ambapo ubao huchezacheza kwa urahisi zaidi. Chini ya ubao ziligundishwa fito mbili za kuelekeza mtikisiko, na Loar akatia saini karatasi ya ndani ya kila moja iliyopita mikononi mwake.

Kibiashara ilikuwa bahati mbaya. Shauku ya mandolini ilikuwa imekwisha, banjo ikishika mahali pake na gitaa likifuata. F-5 zenye saini ya Loar ni mia chache tu. Moja iliyosainiwa tarehe 9 Julai 1923 ilikutwa na Bill Monroe katika duka la kinyozi huko Miami miaka ya 1940, akainunua kwa dola 150. Kwa ala hiyo Monroe aliujenga muziki wa bluegrass, na kila kijana aliyemsikia alitaka ala yenye msokoto na matundu ya f. Leo F-5 za Loar huuzwa kwa zaidi ya dola 100,000, na ile ya Monroe iko Nashville katika Country Music Hall of Fame.

Kivuli cha F-5 kimeipotosha bei ya kati kwa miaka mingi. Sauti iliyopendwa ilitoka kwenye uchongaji, mahali pa daraja na fito za ndani. Wanunuzi waliikumbuka kwa msokoto. Ushahidi kwamba vitu hivyo viwili vinaweza kutenganishwa ulikuwepo tangu mwaka 1923, kwa sababu inajulikana A-5 moja yenye saini ya Loar: umbo sahili la tone, lakini lenye matundu ya f, shingo ndefu na kazi yote ya ndani ya F-5. Mafundi wa nusu ya pili ya karne waliifanya kielelezo. Wazo hilo moja, moyo wa F-5 ndani ya mwili wa A, ndilo lililoiokoa mandolini ya bei ya kati.

Japani, Montana na Beijing

Baada ya Vita Kuu ya Pili ubora wa viwanda vya Marekani ulishuka. Vijana waliovutwa na muziki wa asili miaka ya 1960 walikuta ala mpya zikiwa nzito na zenye sauti ya kubana, na za zamani zikiwa zimeanza kupanda bei. Pengo hilo lilijazwa kwanza na Japani. Katika miaka ya 1970 Ibanez ilitoa nakala za F-5 zilizofanana mno na za Gibson kwa macho. Kampuni ya Saga ya California iliagiza mandolini za Kentucky kutoka Japani, baadaye Korea, kisha China. Kati ya hizo, KM-1000 za Japani za miaka ya 1980 bado hutafutwa na wapigaji, jambo linaloonyesha kwamba jina moja la biashara linaweza kubeba ala za viwango tofauti kabisa kutegemea mwaka na nchi. Anayeisoma lebo ya Kentucky bila kuuliza ilitengenezwa lini hajasoma kitu.

Marekani ilijibu kutoka Bozeman, Montana. Flatiron ilianza kwa ala bapa, isiyochongwa mwinamo, iliyofuata mfano wa mandolini ambayo Gibson iliwauzia wanajeshi karibu na mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza. Ubao bapa huokoa saa nyingi za kazi, na bei ikawa nafuu bila kugusa mbao. Katika miaka ya 1980 Flatiron iliongeza ala za kuchonga, za A na F, zilizosifiwa kuliko za Gibson ya wakati huo. Mwaka 1987 Gibson iliinunua kampuni hiyo. Kazi ilipohamishiwa Nashville miaka ya 1990, baadhi ya mafundi walibaki Montana, na Bruce Weber akaanzisha chapa ya jina lake.

Mageuzi ya mwisho yalitoka China. Eastman ilianzishwa mwaka 1992 na Qian Ni, mpiga filimbi mzaliwa wa China aliyesoma Marekani. Ilianza na fidla zilizochongwa kwa mkono Beijing, na miaka ya 2000 ikaongeza mandolini. Mafundi waliokwisha kuzoea mwinamo wa fidla hawakuhitaji kufundishwa upya, na kwa kuwa ujira wao ulikuwa mdogo kuliko wa Marekani, ubao wa kuchonga kwa patasi na randa ndogo ulishuka hadi bei ambayo awali ilinunua plaiwudi iliyokandamizwa kwa joto. Hata namba zake zinaonyesha fedha zinakokwenda. Katika MD305 tarakimu ya kwanza ni daraja ya ala, ya pili ni umbo, 0 kwa A na 1 kwa F, na ya tatu ni tundu, 4 kwa yai na 5 kwa matundu ya f. MD305 na MD315 ni za daraja moja. Tofauti ya bei kati yake ni bei ya msokoto.

Jinsi ubora unavyopimwa

Kutokana na historia hiyo, wapigaji na mafundi wamejijengea taratibu ya kuikagua ala ya bei ya kati, ambayo leo huanzia karibu dola 500 hadi 2,000. Taratibu hiyo huenda kwa mpango.

Cha kwanza ni ubao wa juu. Ubao mzima wa sprusi, mti ndugu wa msonobari, hutofautiana na plaiwudi, na siri iko kwenye ukingo wa tundu. Mkaguzi huisogeza ala kwenye mwanga na kutazama ule unene mdogo uliokatwa. Katika ubao mzima, mistari ya mti inayoonekana juu huingia ndani ya ukingo bila kukatika, kama nyuzi za nazi zinavyopita kwenye kumbi lililopasuliwa. Katika plaiwudi huonekana matabaka, jembamba la juu lenye mistari mizuri na jingine chini yake linalolala upande. Wengine hupaka ukingo huo rangi nyeusi, na rangi mahali pasipohitaji rangi ni sababu ya kuuliza maswali.

Cha pili ni namna ubao ulivyopata mwinamo wake. Ubao wa mbao nzima unaweza kuchongwa, au kulainishwa kwa mvuke na kukandamizwa kwenye kalibu. Uliokandamizwa huwa na unene mmoja kila mahali, na mwinamo wake huelekea kulegea kadiri miaka inavyopita. Uliochongwa huwa mnene katikati na kupungua kuelekea pembezoni. Kidole kikipitishwa ndani ya tundu la f huweza kuhisi tofauti hiyo. Mashine zinazoongozwa na kompyuta huchonga vizuri, na ala nyingi nzuri hupita humo. Kinachoamua ni kama fundi huumalizia kila ubao kulingana na ugumu wake, kwa kuwa hakuna vipande viwili vya mti vilivyo sawa.

Cha tatu ni shingo. Ikitazamwa kutoka kichwani kama mtu anayelenga shabaha, inapaswa kuwa karibu kunyooka, yenye mbonyeo mdogo mno katikati. Shingo iliyopinda ikiwa na fimbo ya chuma hurekebishika. Iliyolegea kwenye kiungo chake na tumbo ni kazi ya fundi bingwa, na gharama yake inaweza kula bei yote ya ala.

Cha nne ni usahihi wa noti. Kwa kuwa daraja linasogezwa, noti isiyo sahihi si lazima iwe kasoro ya ala. Uzi hupigwa huku ukiguswa kidogo tu juu ya freti ya 12, kisha hupigwa tena ukiwa umekandamizwa kwenye freti hiyohiyo. Noti mbili zikilingana, daraja liko mahali pake. Zikikataa kulingana hata baada ya daraja kusogezwa, freti zenyewe zilipangwa vibaya, na hilo halina dawa nafuu. Miguu ya daraja pia hukaguliwa. Lazima ikae juu ya mwinamo bila mwanya hata wa karatasi, kwa sababu kila sauti hupita hapo. Ala nyingi za bei ya kati hutoka kiwandani zikiwa na kasoro hii, na saa moja au mbili za fundi kwenye daraja na kipande cha mfupa kilicho chini ya kichwa huzibadilisha kuliko kuongeza mamia ya dola kwenye bei.

Cha tano ni rangi ya nje. Tabaka nene la plastiki hung'aa na kuhimili mikwaruzo, lakini hulifunga tumbo kama koti la mvua. Vanishi au laka nyembamba huchubuka upesi na kuuacha ubao ucheze.

Baada ya hayo ndipo husikilizwa. Ala nzuri haipimwi kwa ukubwa wa sauti pekee. Jozi ya Sol iwe na uzito bila kuvuma ovyo, jozi ya Mi isikwaruze sikio, na noti za juu ya freti ya 12 zisififie. Kisha hupigwa kwa risha laini, kwa kuwa ala dhaifu hujificha nyuma ya kishindo lakini haiwezi kunong'ona.

Thamani na ubora

Thamani ya sokoni na ubora wa ala si kitu kimoja. Umbo la F huuzika upesi na kwa bei kubwa zaidi kuliko A ya daraja ileile. Jina la Gibson huongeza bei hata kwa ala za miaka ambayo kazi yake ilishuka, na mandolini ya Chicago yenye mbavu nyingi na lulumizi, iliyo ngumu kutengeneza na nzuri kutazama, kwa kawaida haifikii gharama ya kuifufua. Kinyume chake, A ya kawaida ya miaka ya 1910, Flatiron ya Montana, Kentucky ya Japani na A-5 za kuchonga za China zimeshikilia au kujenga heshima yake kwa sababu fedha ya mnunuzi iliingia kwenye ubao.

Waswahili husema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Chombo huundwa kwa mataruma yaliyofichwa chini ya sitaha, na mandolini huundwa kwa milimita zilizofichwa chini ya vanishi. Kwa mnunuzi wa bei ya kati hesabu inabaki ileile tangu Gibson ilipoitenganisha A na F: kwa fedha ileile, umbo sahili lenye ubao mzima uliochongwa, likaachiwa akiba ya kumlipa fundi wa daraja, litalishinda kwa sauti umbo la msokoto lililojengwa kwa kubana matumizi ya ndani. Msokoto haulii.